Diski Haijafa: Mambo ya Kujua Kabla Kompyuta Yako Haijapigwa Windows Upya

Mada iliyotolewa kwa watumiaji wa bidhaa na huduma, Itigi, Mkoa wa Singida



Mada yetu inahusu tatizo ambalo wengi hawalijui kwa jina, ingawa wamekwisha kulilipia. Kompyuta inapelekwa kwa fundi ili ipigwe Windows. Fundi anachomeka flashi, anaanza kazi, na baada ya dakika chache kioo kinaandika kwamba hakuna diski yoyote iliyopatikana. Mwenye kompyuta anapigiwa simu: "Diski imekufa, inabidi ununue nyingine." Analipa. Diski ya zamani inabaki mezani kwa fundi pamoja na kila kilichokuwa ndani yake: mitihani ya shule, hesabu za duka, orodha ya wanachama wa ushirika, picha za harusi na za msiba. Na mara nyingi diski hiyo ilikuwa nzima kabisa. Ilichokosa ni faili dogo la programu, au mpangilio mmoja uliobadilishwa bila mtu kutambua.

Itigi ni mji wa reli. Hapa pana stesheni ya Reli ya Kati, pana Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, pana machimbo ya jasi, pana shule, na pana maduka ya stesheneri yanayochapa barua, kutoa nakala na kujaza maombi ya watu kwenye mtandao. Shughuli hizo zote zinategemea kompyuta, lakini mafundi ni wachache. Asiyeridhika na jibu la fundi wa hapa hana budi kufunga safari ya Manyoni, Singida au Dodoma, akilipa nauli na kupoteza siku ya kazi. Ndiyo maana tumeona ni vema mtumiaji wa Itigi awe na maarifa ya kutosha kuuliza maswali sahihi akiwa hapa hapa.

Wakati nao unatulazimisha. Windows 10, ambayo bado imo katika kompyuta nyingi, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo watu wengi wanataka kuhamia Windows 11 au mifumo huria ya Linux. Kila anayehama anapita katika mlango tunaouzungumzia leo.

Kidhibiti cha diski na neno RAID

Ndani ya kila kompyuta upo ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi. Juu ya ubao huo kipo kidhibiti cha diski, nacho ndicho kinachopokea na kupeleka taarifa kati ya diski na sehemu nyingine za kompyuta. Katika mazabodi nyingi kidhibiti hicho kinaweza kupangwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza huitwa AHCI, ambapo kila diski hujitegemea. Namna ya pili huitwa RAID, ambapo kidhibiti huweza kuunganisha diski kadhaa na kuzionyesha kana kwamba ni moja.

RAID si jambo geni. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililoeleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kushirikiana na kufanya kazi ya diski moja kubwa ya gharama. Kutokana na wazo hilo zipo leo aina kadhaa, na mtumiaji wa kawaida atakutana na hizi:

RAID 0 hugawa kila faili vipande na kuvitawanya katika diski mbili au zaidi. Kasi huongezeka, lakini diski moja ikifa, yaliyomo katika zote yanapotea.

RAID 1 huandika jambo lile lile katika diski mbili. Diski mbili za terabaiti 1 hukupa nafasi ya terabaiti 1 tu, lakini moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi.

RAID 5 huhitaji diski 3 au zaidi, na huweza kuvumilia kifo cha diski moja. RAID 10 huhitaji diski 4 au zaidi, nayo huchanganya aina mbili za kwanza.

Sasa tufike kwenye kiini. Seva kubwa huwa na kadi maalumu ya RAID inayofanya kazi hiyo yenyewe. Kidhibiti cha RAID kilichomo katika mazabodi ya kawaida sivyo kilivyo. Sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na programu ndogo iitwayo draiva, ambayo mfumo wa kompyuta lazima uwe nayo. Ikiwa flashi ya kupigia Windows haina draiva inayolingana na kidhibiti chako, Windows haitaziona diski zako hata kama ni mpya kutoka dukani. Ni kama ghala lililojaa alizeti na mlango wake umefungwa. Asiye na ufunguo akitangaza kwamba ghala ni tupu, kosa si la ghala.

Msidhani kwamba jambo hili linawahusu wenye diski nyingi peke yao. Tangu kizazi cha 11 cha vichakato vya Intel kilipoanza kuuzwa mwaka 2020, kompyuta mpakato nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio uitwao VMD, ulio ndugu wa karibu wa RAID, nao ukiwa umewashwa. Kompyuta hizo zina diski moja tu, lakini flashi ya kawaida ya Windows huweza kushindwa kuiona. Tunaamini kwamba diski nyingi nzima zinazotangazwa kuwa zimekufa hutoka katika kundi hili.

Jambo la kwanza: thibitisha kama diski ipo hai

Kabla ya kununua chochote, mwombe fundi afungue bayosi mbele yako. Bayosi ni ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kwa kubonyeza kitufe kama F2, F10 au Delete mara tu kompyuta inapowashwa. Kitufe hutegemea kampuni iliyoitengeneza. Humo mtatafuta orodha ya diski, pamoja na ukurasa wa RAID au wa Intel Rapid Storage kama upo.

Ikiwa jina la diski linaonekana, pamoja na ukubwa wake sahihi, basi kidhibiti kinaiona diski. Kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo ni draiva au mpangilio. Ikiwa haionekani mahali popote, izimwe kompyuta, itolewe chaji, kisha diski ichomolewe na kuchomekwa upya, au waya wake ubadilishwe. Ikiwa bado haionekani, ijaribiwe katika kompyuta nyingine. Baada ya hatua hizo ndipo neno "imekufa" linapoweza kutamkwa kwa haki.

Tena, kabla fundi hajagusa mpangilio wowote, piga picha kwa simu kila ukurasa wa bayosi unaohusu diski. Picha hizo hazigharimu kitu. Mambo yakiharibika, ndizo zitakazoonyesha kompyuta ilikuwaje.

Jambo la pili: kupakia draiva

Ikiwa diski inaonekana katika bayosi lakini Windows haiioni, njia iliyo salama zaidi ni kuipatia Windows draiva inayokosekana. Hatua zake ni hizi.

1. Chukua jina kamili la modeli ya kompyuta au ya mazabodi. Kwa mpakato, jina hilo huandikwa chini ya kompyuta.

2. Fungua tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, ukurasa wa modeli hiyo, na upakue draiva ya hifadhi, yaani ya RAID au ya Intel Rapid Storage. Faili lake si kubwa. Bando la kawaida la simu linatosha. Jiepushe na tovuti zisizojulikana zinazotoa draiva za kila kompyuta, kwani nyingi huambatanisha virusi.

3. Faili hilo mara nyingi huja likiwa limefungwa. Lifunguliwe katika kompyuta nyingine mpaka yapatikane mafaili yanayoishia na herufi "inf". Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaweka kwenye flashi faili lililofungwa, Windows haioni kitu ndani yake, nao wanahitimisha kwamba draiva ni mbovu.

4. Nakili folda iliyofunguliwa kwenye flashi ile ile ya Windows au nyingine.

5. Anza kupiga Windows. Ukifika mahali pa kuchagua diski na orodha ikawa tupu, bonyeza maandishi "Load driver", kisha elekeza kwenye folda hiyo. Chagua draiva inayotajwa, na diski itajitokeza.

Kwa mazabodi zenye vichakato vya AMD zilizopangwa kwa RAID, draiva huja kwa mafaili matatu, nayo hupakiwa kwa mpangilio: kwanza rcbottom, kisha rcraid, mwisho rccfg. Anayepakia moja na kuacha mengine, au anayevuruga mpangilio, atakuta diski zake bado zimejificha.

Ipo njia ya pili, nayo ni kuzima RAID au VMD katika bayosi. Kwa mpakato yenye diski moja, ambayo taarifa zake zimekwisha kunakiliwa pembeni na inapigwa Windows upya kabisa, njia hii inafaa. Hata baadhi ya mifumo ya Linux, kama Ubuntu, humtaka mtumiaji afanye hivyo kabla ya kuendelea. Lakini njia hii ina masharti matatu.

Kwanza, ikiwa diski mbili au zaidi zimeunganishwa, msizime RAID. Kuifuta safu ya diski katika ukurasa wa RAID ni kufuta taarifa zote, na onyo hutolewa mara moja tu kabla ya kubonyeza ndiyo.

Pili, ikiwa mnataka Windows ya zamani ibaki, kubadilisha mpangilio ghafla kutaifanya ishindwe kuwaka. Fundi mwenye ujuzi huiamuru kwanza Windows iwake katika hali salama, ndipo anapobadilisha mpangilio, anaiwasha mara moja ili ijipatie draiva mpya, kisha anairudisha katika hali ya kawaida.

Tatu, kompyuta nyingi za sasa hufunga diski kwa BitLocker. Mabadiliko katika bayosi huweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Usiporuhusu mabadiliko kabla ya kuuona na kuuandika, hutakuwa na la kujutia.

Jambo la tatu: mahali pa kusimama

Ziko ishara mbili ambazo mtumiaji akiziona hana budi kusema: "Fundi, simama kwanza."

Ishara ya kwanza ni kuona diski mbili zinazolingana mahali ulipotegemea moja. Kama stesheneri yako ina kompyuta yenye diski mbili za RAID 1, Windows yenye draiva sahihi itaonyesha diski moja. Ikionyesha mbili, kidhibiti hakipo tena katika hali ya RAID, au draiva haijapakiwa. Fundi akichagua mojawapo na kuifuta, ameuvunja ulinzi wako na huenda amefuta nakala iliyo nzuri zaidi kati ya hizo mbili.

Ishara ya pili ni ujumbe kwamba Windows haiwezi kuwekwa katika diski hii kwa sababu ya namna ilivyogawanywa. Ipo migawanyo miwili, MBR ya zamani na GPT ya sasa. Kompyuta iliyopangwa kuwaka kwa UEFI hudai GPT, nayo Windows 11 kwa masharti yake ya kawaida inataka UEFI. Tena MBR haiwezi kutumia nafasi inayozidi terabaiti 2, hivyo mwenye diski kubwa au safu kubwa ya diski atakosa nafasi aliyoilipia. Kubadilisha mgawanyo wakati wa kupiga Windows kwa kawaida ni kufuta kila kitu. Kwa hiyo swali la kujibiwa kabla ya hatua hiyo ni moja: nakala ya taarifa ipo wapi?

Tuongeze hapa ushauri unaopingana na mazoea. Mafundi wengi huchomoa diski za ziada kabla ya kupiga Windows ili mafaili ya kuwashia kompyuta yasiende katika diski isiyohusika. Ni desturi nzuri, lakini usichomoe diski iliyo mwanachama wa safu ya RAID. Ukifanya hivyo, kidhibiti kitaiandika safu kuwa na hitilafu, na ikiwa ni RAID 0, haitafunguka kabisa.

Jambo la nne: betri ndogo yenye hasara kubwa

Tuchukue mfano unaoweza kutokea katika mji wowote ambao umeme hukatika. Kompyuta ya mezani ya ofisi fulani ilifanya kazi vizuri miaka mitano. Ofisi ikafungwa wiki mbili. Iliporudi kuwashwa, ikaonyesha ukurasa wa buluu na maandishi "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE", ikajizima na kujiwasha bila kukoma. Fundi akashauri ipigwe Windows upya.

Kabla ya kukubali, angalieni tarehe na saa katika bayosi. Ikiwa inaonyesha mwaka uliopita zamani, mmepata fununu muhimu. Katika mazabodi mna betri ndogo ya duara, kwa kawaida aina ya CR2032 yenye volti 3, inayotunza saa. Katika mazabodi nyingi ndiyo inayotunza pia mipangilio ya bayosi pale ambapo hakuna umeme. Inapoisha, mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwa kompyuta ilikuwa imepangwa kwa RAID na mpangilio wa kiwandani ni AHCI, asubuhi hiyo kidhibiti kinaamka kikiwa kimesahau kazi yake. Diski ni nzima na Windows ni nzima. Kilichobadilika ni neno moja katika ukurasa wa mipangilio.

Tiba yake ni kubadilisha betri, kurudisha mpangilio wa RAID kama ulivyokuwa, na kuwasha. Msiiache kompyuta ijaribu kuwaka mara nyingi katika mpangilio usio wake, kwa sababu diski mbili zilizokuwa pacha zinaweza kuanza kutofautiana, na safu ikalazimika kujengwa upya. Kupiga Windows upya katika hali hiyo ni kubomoa nyumba kwa sababu ufunguo umepotea.

Jambo la tano: RAID haichukui nafasi ya nakala ya akiba

Baadhi ya wauzaji humwambia mnunuzi kwamba kompyuta yenye diski mbili za RAID 1 haiwezi kupoteza taarifa. Kauli hiyo inapotosha. RAID 1 hukulinda dhidi ya jambo moja tu, yaani kifo cha diski moja. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, limefutwa katika diski zote mbili kwa wakati mmoja. Kirusi kikiyafunga mafaili yako, kimeyafunga yote. Radi ikipiga, mwizi akiingia, au fundi akifuta safu, diski mbili huondoka pamoja kama zilivyoishi pamoja.

Nakala ya akiba ni ile iliyo nje ya kompyuta: diski ya pembeni inayochomekwa wakati wa kunakili tu, kisha ikahifadhiwa mahali pengine. Kwa chama cha ushirika, zahanati au shule, tunashauri ziwepo nakala mbili, na mojawapo isikae katika jengo lenye kompyuta. Tena nakala ijaribiwe. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa hakuna anayejua kama inafaa.

Kwa mtumiaji wa nyumbani na wa duka dogo, maoni yetu ni haya: ikiwa huna sababu mahususi ya kutumia RAID, fedha ya diski ya pili itakufaa zaidi ukinunulia diski ya pembeni ya kuwekea nakala.

Haki zako na wajibu wako

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilitumia Bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Ndiyo sababu Siku ya Haki za Mlaji Duniani huadhimishwa kila tarehe 15 Machi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kumwambia mtu kwamba kifaa chake kimekufa, huku ukijua ni kizima, ili umuuzie kingine, ni upotoshaji. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kutunza taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo zahanati au ushirika unaoacha diski yenye taarifa za watu mezani kwa fundi haujajivua wajibu wake.

Kwa misingi hiyo, unapopeleka kompyuta kwa fundi, fanya mambo yafuatayo.

Andikisha hali ya kompyuta na kazi unayotaka ifanyike. Ikiwa kuna taarifa zisizotakiwa kufutwa, neno hilo liandikwe na pande zote mbili zitie saini. Karatasi ya daftari inatosha.

Omba makadirio ya gharama kabla ya kazi, na kazi ikiongezeka, upigiwe simu kwanza.

Kifaa kilichobadilishwa ni mali yako. Diski ya zamani urudishiwe, hata kama imekufa kweli, kwa kuwa ndani yake mna maisha yako. Ikiwa unaitupa, iharibiwe kwanza.

Usilipie mara mbili kile ulichokwisha kulipia. Mpakato nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye zina ufunguo wa leseni ndani ya mazabodi. Ukipigiwa toleo la aina ile ile, Windows hujitambua yenyewe mtandao unapopatikana. Zikatae nakala za wizi na programu za kuvunja leseni, kwani ni mlango wa virusi.

Dai risiti. Bila risiti, malalamiko yako yatakuwa neno lako dhidi ya neno la mwingine.

Likitokea la kutokea, anza kwa kuzungumza na fundi au muuzaji kwa utulivu, ukimwonyesha maandishi na picha ulizopiga. Mkishindwa kuelewana, wasilisha lalamiko kwa maandishi katika Tume ya Ushindani. Ikiwa jambo linahusu taarifa za watu kuvuja au kutumiwa vibaya, lipelekwe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nanyi mafundi wetu, hatukuja kuwatuhumu. Tunajua kwamba wengi wenu mmejifunza kazi hii kwa juhudi zenu wenyewe, na kwamba flashi iliyofanya kazi katika kompyuta mia hukataa katika ya mia na moja bila kutoa sababu. Wekeni katika flashi zenu folda ya draiva za RAID na VMD kwa modeli mnazokutana nazo mara kwa mara, na wekeni dukani betri chache za CR2032. Na msipojua, mseme hamjui. Mteja aliyeambiwa ukweli atarudi, na atamleta jirani yake.

Kwa kumalizia, tunawaachia maswali matano ya kumwuliza fundi, ambayo mnaweza kuyanakili nyuma ya kijitabu hiki. Je, diski inaonekana katika bayosi? Kidhibiti kimepangwa AHCI, RAID au VMD, na kilikuwaje kabla? Draiva yake imejaribiwa? Nakala ya taarifa ipo wapi? Na je, nitarudishiwa kifaa cha zamani? Kuuliza si ujinga. Fundi mwema hatachukizwa na maswali hayo, kwa sababu ni yale yale ambayo yeye mwenyewe hujiuliza kabla ya kushika bisibisi.